Mtu wa Ndani ya Gunia

Wairimu, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na kusema kweli hata kukuogopa nakuogopa kidogo, kama nilivyomwogopa yeye. Sasa hivi uko ufukweni hapa Wakrah, kando ya Doha, unaagana na wenzako. Mama yako yuko zamu hospitalini. Tangu turudi kutoka kanisani Mesaimeer nimekaa peke yangu na hii karatasi, na chai ya karak imepoa mara mbili.

Habari za sweta, dawa ya kifua na kutosahau chaja mama yako ameshakwambia, tena kwa kurudia. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu siku ile uliposailiwa kazi kwa video hapa sebuleni, blauzi ya kazi juu, kandambili chini.

Utakumbuka nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi. Ulidhani nakupisha. Nilitoka kwa sababu ya neno alilosema yule bwana mzungu aliyekusaili. Alikusalimu kwa Kikuyu safi, akauliza kwenu ni wapi, ukamwambia. Akauliza jina la nyanya yako. Ulipomtajia akacheka.

"Wairimu wa pareto," akasema. "Nyumbani kwetu jina hilo halijasahaulika."

Ulifurahi mno. Jioni ulimwambia mama yako kwamba wazungu wa kule bado wanamkumbuka Cucu, nyanya yako. Haukupita muda kazi ikawa yako: msaidizi wa meneja katika nyumba ya wageni, pa kulala bure, na farasi wa kupanda ukitaka.

Wairimu, mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni kumtazama mtu anayetabasamu na kujiuliza mkono wake wa pili uko wapi. Sikukuzuia kwenda, na sikuzuii leo. Umesoma, kazi ni nzuri, na kule ni nyumbani. Lakini sitaki ulale ndani ya nyumba ile bila kujua ni nyumba ya nani.

Shamba lile, kabla halijawa la farasi na wageni, lilikuwa la babu yake bwana huyu. Watu walimwita Mluzi, maana mbwa na wafanyakazi aliwaita kwa mluzi mmoja. Ardhi yote ile ya juu ilikuwa imetengewa wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata pa kuchimba kaburi. Watu wetu walikaa kama maskwota: unamfanyia bwana kazi sehemu kubwa ya mwaka, naye anakuachia kipande cha kulima na nafasi ya mbuzi wako. Wanaume walining'iniza kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni ndani ya kijibati, na asiyekuwa nacho alilala korokoroni. Guka wako, yaani baba yangu, alizaliwa humo. Hata mama yangu alizaliwa humo. Mama yake ndiye aliyekuwa yaya wa mtoto wa Mluzi, kijana waliyemwita Bwana Mdogo. Alimbeba mgongoni mwake mpaka mtoto akajua Kikuyu kabla ya Kiingereza.

Guka alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Cucu alichuma pareto. Wewe pareto huijui. Ni ua jeupe, zuri kulitazama, wazungu walitengenezea dawa ya wadudu, na unga wake unawasha macho hadi yanavimba. Wanawake walichuma tangu umande, wakabeba vikapu hadi banda la kukaushia.

Mwaka mmoja, wazazi wangu wakiwa wameoana karibuni, Mluzi alitoa amri mpya. Siku za kazi ziongezwe, na kila familia iuze mbuzi na ng'ombe wake ibaki na wachache tu, kwa sababu nyasi ni zake. Nyapara aliisoma amri ile mbele ya banda, wanawake wakiwa na vikapu mgongoni. Akamaliza, akawaambia wapange foleni ya kupima.

Cucu wako, binti mdogo wa umri kama wako au chini yake, akatua kikapu chini.

"Mwambie bwana maua yake haya hapa," akasema. "Mikono naondoka nayo."

Akaenda zake. Nyuma yake mwingine akatua, na mwingine, hadi uwanja ukajaa vikapu na nyapara akabaki peke yake. Kesho yake wakamuaji nao hawakutokea. Mluzi akapiga mluzi wake, mbwa wakaja, watu hawakuja. Ng'ombe walilia kwa maziwa kujaa, sauti ikasikika mabonde mawili. Mke wa Mluzi mwenyewe alishika ndoo akakaa chini ya ng'ombe, na ng'ombe akampiga teke. Hatimaye Mluzi akateremka kwa miguu hadi kwenye nyumba za wafanyakazi, bila mbwa, na amri ile ikarudi mfukoni mwake.

Huyo ndiye Wairimu wa pareto. Sasa fikiria ni kwa lipi jina lake halikusahaulika katika nyumba ile.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Watu walikuwa wameingia msituni kupigania ardhi, na serikali ya wazungu ikapata ruhusa ya kumfanya yeyote lolote. Asubuhi moja malori yalifika shambani. Wanaume wote walitolewa wakakalishwa uwanjani, mikono kichwani. Akaletwa mtu aliyevishwa gunia kuanzia kichwani hadi magotini, matundu mawili ya macho. Kila mwanamume alisimamishwa mbele yake. Gunia likitikisa kichwa upande, unarudi kukaa. Likiinama, unapandishwa lori, kwamba wewe umekula kiapo cha msituni.

Liliinama kwa Guka. Lilikuwa limeinama kwa karibu kila mkamuaji.

Guka hakuona uso wala mikono. Aliona viatu. Viatu vya ngozi ya kahawia, vizuri. Katika shamba lote, Mwafrika mmoja tu alivaa viatu kama hivyo: Njuguna, mpishi wa nyumba kubwa, ambaye Bwana Mdogo alimpa viatu vyake vya zamani. Na Njuguna alikuwa rafiki wa baba yangu tangu wakichunga mbuzi. Walitahiriwa siku moja. Lori lilipoondoka, Guka aliangalia viatu vile hadi vikapotea kwenye vumbi.

Alihamishwa kambi hadi kambi. Sitakuandikia aliyofanyiwa, maana hakuniambia yote, na niliyoambiwa sipendi yakae kwenye mkono wako ukiwa ndani ya ndege. Alirudi hasikii kwa sikio moja. Alirudi pia na tabia ya kuketi akiuelekea mlango, nami, kama unavyonitania, hukaa vivyo hivyo hata hapa sebuleni.

Wakati yeye yuko kizuizini, nyumba za wafanyakazi zilizungushiwa waya, na wanawake walitoka tu kwa kazi chini ya askari. Cucu alikuwa na kaka yangu mkubwa, mchanga, na maziwa ya kumnyonyesha yalikauka kwa njaa. Njuguna ndiye aliyewaokoa. Alificha unga na maganda ya viazi ndani ya ndoo ya majivu, akaiacha penye waya akijifanya anatupa taka. Angekamatwa angefuata njia ya wenzake.

Basi Guka aliporudi, akakuta mkewe hai na mtoto hai, akauliza mlikula nini. Cucu akamwambia. Hapo ndipo shaka yake ilipopata shaka mwenzake. Akajiuliza: mtu aliyenipeleka kizuizini ndiye aliyekuwa akimlisha mke wangu. Kwa nini?

Baada ya Uhuru familia ya Mluzi ilibaki na nyumba kubwa na ardhi ya kando ya mto. Sehemu ya juu iligawanywa vishamba, na kwa bahati mbaya wazazi wangu na Njuguna walipata vishamba vinavyotazamana. Nilikulia hapo. Niliambiwa, kabla sijajua kusoma, kwamba watu wa ng'ambo ya njia ni watu wa gunia. Njuguna alikuja kutusaidia kuezeka nyumba, Guka akakaa chini na nyundo mkononi mpaka mgeni akaelewa akaondoka. Nilipotahiriwa alituma debe la mahindi. Lilirudishwa. Alipokufa, kijiji kizima kilivuka njia kwenda kuzika, na baba yangu alishinda shambani akipalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Mimi nilikuwa kijana mkubwa. Nilipalilia naye.

Guka naye akafa. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimetoka huku kwa likizo, nilimkuta Cucu jikoni akichambua maharagwe. Nilikuwa nikimweleza vituko vya kazini, jinsi wakubwa wanavyotupeleleza. Akanisikiliza, kisha akasema bila kuinua macho, "Njuguna hakuvaa gunia."

Nikamwambia, "Mama, hayo yamepita."

"Hayajapita. Umefundishwa uongo na bado unaumeza."

Akaniambia. Siku ile ya gunia, wanaume walipokwisha kupakiwa, wanawake waliamriwa kuwapelekea askari maji nyuma ya banda la pareto. Cucu alizunguka kona na mtungi, akamkuta mtu wa gunia ameketi juu ya gogo, amelivua kwa joto, analipepea. Nywele zake zilikuwa nyekundu, zimelowa jasho. Alikuwa Bwana Mdogo, mtoto aliyebebwa mgongoni na nyanya yangu, amevaa viatu vipya vya aina ile ile aliyozoea kununua.

Walitazamana. Akachukua maji, akanywa, akamrudishia kata. Akasema kwa Kikuyu, taratibu, kama mtu wa nyumbani: "Wairimu, hujaniona. Ukiniona, mumeo hatarudi."

Cucu hakumwona. Alinyamaza hadi Guka aliporudi kutoka kizuizini, na usiku huo huo akamwambia yote. Unajua Guka alimjibu nini?

"Mzungu ana bunduki. Ana lori, ana mahakama. Gunia la nini? Mtu anayejificha ni mtu mweusi." Kisha akamuuliza, "Na wewe Njuguna unamtetea kwa sababu gani?"

Cucu hakulitaja tena mumewe akiwa hai. Nilimuuliza aliwezaje. Akasema, "Ningeendelea kumtetea, angeniua au angejiua. Nikachagua kuishi na mtu aliyekosea."

Nilikaa na maharagwe yale mkononi, na nitakuambia nilichofikiria, kwa sababu ni aibu: nilijiuliza kama kweli ananiambia ukweli. Mama yangu mwenyewe. Kesho yake ningeweza kuvuka njia, hatua chache tu, nikamwambie Kamau, mwana wa Njuguna, kwamba tumewakosea. Sikuvuka. Nilirudi Doha. Cucu alipokufa Kamau alikuja mazishini akasimama mbali na watu, nami nilijifanya nina shughuli za wageni.

Kilichonifungua macho hakikuwa huruma. Kilikuwa kazi yangu hapa. Utakumbuka kampuni niliyoanzia, ile ambayo sasa haipo. Tulikuwa geti moja, zamu moja, na mshahara ulifuata pasipoti: aliyetoka Ulaya juu kabisa, halafu wengine, Mkenya na Mganda na Mtanzania chini, ingawa jua lilikuwa moja. Tulianza kunong'ona kwamba tupeleke malalamiko pamoja. Msimamizi wetu akaniita ofisini, akanipa kiti na chai.

"Wewe ni mtu mzima," akasema. "Kuna mmoja wenu ananiletea kila mnalosema. Sitamtaja. Nataka unisaidie kumwangalia."

Nilitoka nikiwa na sumu mwilini. Usiku ule sikula na wenzangu. Nilimshuku Okello, Mganda tuliyelala chumba kimoja, kwa kuwa alikuwa na simu mpya. Kila mtu alianza kupika sufuria yake. Hakuna aliyezungumza malalamiko tena. Ilipita kama mwezi hivi, nikamwona Okello naye ananitazama jinsi nilivyokuwa nikimtazama, na hapo, mama, nikamsikia Guka: gunia la nini?

Ijumaa iliyofuata, ambayo huku ni siku ya ibada hata kwetu Wakristo, tulipotoka kanisani Mesaimeer, niliwaita pembeni. Juma na Sefu wa zamu yetu, ambao ni Waislamu, wakatufuata wakitoka msikitini. Nikawauliza, "Nani kati yenu aliitwa ofisini akaambiwa kuna mmoja wetu anayetusaliti?"

Wakaangaliana. Okello akawa wa kwanza kuinua mkono. Kisha Sefu. Mwishowe mikono yote ilikuwa juu na wangu pia. Hapakuwa na msaliti hata mmoja. Juma akasema, "Kumbe tumekula makavu mwezi mzima kwa ajili ya mtu asiyekuwepo." Tulicheka, lakini cheko lilikuwa na uchungu ndani yake. Malalamiko yetu tuliyapeleka pamoja, wote tukasimama mbele ya meza yake. Hatukupata tulichoomba chote. Tulipata kidogo, na tulirudi kula sinia moja.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mluzi na mwanawe. Wakamuaji waliokataa kuingia zizini walijulikana kwa majina. Hakuhitajika mtu wa kuwatambua. Gunia lilivaliwa kwa ajili yetu tuliobaki, ili kila mtu aliyekuwa uwanjani arudi nyumbani akipima viatu vya jirani yake. Vikapu vile vilitua chini kwa sababu watu waliaminiana. Baada ya gunia havikutua tena. Na mzungu alijua kwamba hatutamfikiria yeye kamwe, kwa sababu tulishafundishwa kwamba hila na woga ni vya ngozi yetu.

Hivyo sikwambii acha kushuku. Mimi huyo siwezi kukwambia hivyo. Shuku, lakini kabla hujamaliza jiulize nani ananufaika ukimshuku huyu na si yule. Baba yangu alikuwa na shaka ya haki kabisa. Akaielekeza ng'ambo ya njia, wakati nyumba kubwa ilikuwa inaonekana pale pale kilimani, taa zinawaka.

Huyu bwana wako mpya ni mtoto wa Bwana Mdogo. Hakuvaa gunia yeye, alikuwa hajazaliwa, na sikuamuru umchukie. Huenda hajui. Huenda anajua, na amekuchagua kwa sababu anajua, ama kwa toba, ama ili aweze kuwaambia wageni wanaokunywa mvinyo kwamba hata mjukuu wa Wairimu amerudi kwa hiari yake na anatutandikia vitanda. Mimi kutoka hapa siwezi kupambanua. Wewe utapambanua. Atakapokuonyesha picha ya baba yake ukutani na kukwambia jinsi alivyowapenda watu wa shamba na kusema lugha yao, muulize baba yake alikuwa wapi siku walipochukuliwa wakamuaji. Muulize kwa adabu, kwa Kikuyu. Kisha usiangalie mdomo wake, angalia mikono. Kama atakujibu kweli, hata nusu, utajua unafanya kazi na mtu. Kama atacheka tena vile, chumba cha bure usikikubali. Tafuta pa kulala nje.

Na pa kulala nje pako. Leo baada ya kanisa, kabla sijakaa na karatasi hii, nilimpigia simu Kamau. Namba nilipewa na mchungaji wa kule; nilikuwa nayo muda mrefu bila kuitumia. Nilijitambulisha.  Nikamweleza yote, viatu, gogo, maji, hata debe la mahindi. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya baba yangu, halafu nikajisahihisha, nikaomba kwa niaba yangu.

Akasema, "Baba alikufa anajiuliza alifanya nini."

  Tulikaa kwenye simu wote wawili, nikisikia kuku wa kwake. Baadaye akauliza ndege yako inafika lini. Nikamwambia hoteli imeahidi kutuma gari. Akasema gari la hoteli liende likapumzike, yeye ana pikapu ya kupelekea maziwa, atakuja kukuchukua Nakuru mwenyewe ukishuka kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege, na mkewe atakutengea chumba hata kama hutakihitaji.

Nikamuuliza atakutambuaje, kwa kuwa hajakuona tangu ukiwa mtoto.

Akafikiri. "Mtoto wa nyumba yenu," akasema, "atakuwa yule anayeniangalia vibaya."

Sikujua kama ni mzaha. Nadhani hata yeye hakujua. Kisha nikamsikia anacheka kidogo, puani.

Basi ukifika Nakuru utamwona mzee mrefu amesimama kando ya pikapu yenye mitungi ya maziwa. Mwangalie unavyopenda, umerithi. Lakini usingoje aanze yeye. Nenda umwamkie.

Baba yako